Mwisho wa Barabara, Mwanzo wa Miguu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliendesha basi la kisiwani kwa muda mrefu kuliko dereva mwingine yeyote wa shirika la mabasi, na abiria walimwita Kapteni. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na mama yake. Alikuwa mtu wa shati lililonyooshwa pasi mpaka kwenye ukosi, kitambaa safi mfukoni cha kufutia kioo, na mdomo mtamu. Mdomo huo ndio uliomponza, lakini tusitangulie.

Njia yake ilikuwa hivi. Basi linatoka stendi kuu, linapita mtaa wa maghala, linapanda daraja refu, na ukishuka daraja umeshafika kisiwani. Barabara inakizunguka kisiwa nusu tu, kisha inaishia kwenye tangi la maji na kibanda cha kusubiria, na hapo basi linageuza. Mbele ya hapo hakuna gari. Kuna njia ya miguu inayopanda majabali, inashuka ufukweni, inazunguka rasi, na mwisho inakuacha mbele ya fungu la mchanga. Ng'ambo ya fungu hilo ni kijisiwa chenye mnara wa taa. Maji yakipwa unavuka bila kulowa. Yakijaa, fungu halionekani kabisa, utadhani umelota.

Watu wa mjini waligundua kwamba kwa nauli ya kawaida tu ya basi wanaweza kushinda siku nzima wakitembea kando ya bahari, wakaanza kuja kila mwisho wa juma na mabegi mgongoni. Kapteni akifika tangini alikuwa anazima injini, anageuka kwenye kiti chake, na kusema maneno ambayo wenyeji wa basi walikuwa wanayasubiri kama watoto: "Mwisho wa barabara, mwanzo wa miguu." Kisha anaelekeza. Mkifika kwenye jabali lenye nundu kama ngamia, shikeni kushoto, kulia kuna utelezi. Kilele cha pili msisimame sana, upepo wa pale unapenda kofia za watu. Penye mti uliolala chini, ketini, hapo ndipo pa kula. Watu walimsikiliza midomo wazi, wengine wakiandika kwenye simu zao.

Na yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kufika hata kwenye hilo jabali la kwanza.

Kwao ni bara kabisa, mahali ambapo maji mengi kuliko yote ni yale ya josho la ng'ombe. Alianza kama utingo wa lori la saruji, akajifunza usukani kwa kuiba iba kwa macho, akawa dereva, akaja mjini. Dada yangu alimpata kwa tope. Shemeji alimrushia tope barabarani, akasimamisha lori kuomba radhi, kesho yake akaja tena kuomba radhi, na kesho kutwa akaja bila kisingizio chochote. Shirika la mabasi lilipomwajiri na kumpa njia ya kisiwani, alirudi nyumbani akiwa amevaa sare na hakuivua mpaka alipokwenda kulala.

Uongo wake ulianza mwezi ule ule. Mama mmoja mwenye fimbo ya kutembelea alimuuliza pale tangini kule mbele kukoje. Akajibu ukweli, kwamba hajui. Kondakta wake wa wakati ule, kijana asiye na breki mdomoni, akacheka akiwa ameshikilia bomba la mlangoni, akawaambia abiria wamwone dereva asiyejua kwake kunaishia wapi. Basi zima likacheka. Ilikuwa aibu ndogo, ya kucheka na kusahau, lakini shemeji yangu aliibeba mpaka nyumbani na kulala nayo. Siku ya pili yule mama alikwenda tena, na jioni akarudi amechoka, amefurahi, akakaa kiti cha mbele na kumsimulia yote aliyoyaona. Asubuhi iliyofuata mtu mwingine akauliza. Kapteni akajibu kila kitu, jabali, utelezi na upepo, kama mtu aliyezaliwa pale.

Ikawa ndiyo biashara yake. Jioni aliwachukua watembeaji wamechoka, na mtu aliyechoka haachi kusema. Yeye anasikiliza huku akiwatazama kwenye kioo. Asubuhi anawauzia wengine. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya shemeji yangu ilikuwa ndefu, na ilikuwa na vituo.

Utauliza kwa nini hakwenda siku moja akamaliza ubishi. Mwanzoni muda wa kugeuza basi ulitosha kula na kukagua matairi tu. Siku za mapumziko kulikuwa na paa linalovuja, mtoto anayeumwa, usingizi. Baadaye, nafasi ilipopatikana, alikuwa amekwisha kusema mno. Angemuuliza nani njia? Huwezi kuuliza chumba cha kulala kiko wapi kwenye nyumba uliyodai umeijenga mwenyewe.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kushona pale stendi, nikimwona kila siku akitoka na kuingia, na sikosi la kumwambia shemeji yangu. Nilikuwa namtania, "Shemeji, kisiwa gani hicho kisichoacha hata punje ya mchanga kwenye viatu?" Naye ananijibu kwamba mwenyeji halisi anajua pa kukanyaga. Tunacheka, yanaisha. Niliona ni mdomo wa kiume tu wa kujisifu, na wanaume wakikatazwa kujisifu watabaki na nini.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hata mimi nililiheshimu. Kapteni alijua maji. Aliwaambia watu leo vukeni kwenda mnarani, au leo msithubutu, na hakukosea. Watu wa mjini walidhani anasoma mwezi. Alikuwa anasoma ndoo. Kituo cha mwisho kabla ya daraja walipanda wanawake waokota chaza. Wakipanda na ndoo tupu kwenda kisiwani, maana yake maji yanaanza kutoka. Wakirudi wamelowa mpaka magotini, ndoo zimejaa, maji yanarudi. Hakuwahi kuwauliza neno. Alitazama ndoo zao kwenye kioo, akatangaza habari za bahari.

Sasa nije kwa binti yao. Ni mmoja tu, na alikuwa mboni ya jicho la baba yake. Alipokuwa mdogo alikaa kiti cha nyuma ya dereva siku za likizo, akimsikiliza baba akielekeza watu, na alikua akiamini kwamba kisiwa kile ni cha baba yake kwa namna fulani, kwamba wengine wanaazima tu. Akasoma, akapata kazi kwenye ofisi ya bima, ghorofa ya tatu, dawati la karibu na dirisha. Ofisini wakaanzisha kikundi cha matembezi, watu waliochoka kukaa, wakaamua waende sehemu zinazofikika kwa basi la umma. Binti akanyoosha mkono. Akawaambia baba yake anakijua kisiwa nje ndani na atawaongoza mwenyewe siku yake ya mapumziko.

Habari hiyo aliileta mezani, usiku wa chakula, uso unang'aa. Niliona kijiko cha shemeji yangu kikisimama katikati ya safari. Angesema pale pale. Tulikuwa wenyewe tu, mkewe, mwanawe na mimi, na sisi tungemcheka mpaka machozi, tukamzomea, tukammalizia wali. Badala yake alimeza, akasema, "Waambie wavae viatu vya kukamata."

Nilikwenda na mimi. Dada yangu mgongo ulikuwa unamsumbua, akanituma nikatembee badala yake na nile kwa niaba yake.

Jumapili ya safari Kapteni alipanda basi lake kama abiria. Hakujua aweke wapi mikono. Wafanyakazi wenzake binti walikuwa watu wa kawaida, wachangamfu, na mkuu wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa amevaa viatu vipya vya kutembelea ambavyo kamba zake zilikuwa hazitulii. Kituo cha kabla ya daraja wakapanda wanawake wenye ndoo. Shemeji yangu akawaona, na nikaona mabega yake yakishuka kwa raha. Akawageukia vijana akawaambia kwamba leo maji yanatoka, tutavuka mpaka mnarani. Kijana mmoja akamuuliza amejuaje. Akajibu kwamba bahari haina siri kwa aliyekaa nayo. Binti alitabasamu, akatazama dirishani.

Tangini alisema maneno yake. Wakampigia makofi. Tukaanza kupanda, wala hakuna aliyetazama wale wanawake wa ndoo wameelekea wapi.

Alivaa viatu vyake vya kazi, vyeusi, vya ngozi, soli laini. Tulipita jabali lenye nundu na yeye akalipita kama alivyolipita kila jiwe jingine, akashika kulia. Binti akasema kwa sauti ndogo, "Baba, si ndilo hili la ngamia? Si tunashika kushoto?" Akasimama. Akasema alitaka aone nani atalitambua. Wote wakacheka, wakasema mzee ana vituko. Binti naye alicheka, lakini yeye alikuwa wa mwisho kuanza na wa kwanza kuacha.

Kisha tukafika kilele cha pili. Nitasema ukweli, sijawahi kuona kitu kama kile, bahari pande mbili, na njia tuliyotoka imekuwa uzi. Nilimtafuta shemeji yangu ili nimtanie. Alikuwa amesimama peke yake mbele, mikono imeshuka, mdomo wazi. Upepo ukachukua kofia yake, ule ule upepo aliowaonya watu nao miaka yote, wala hakuinua mkono kuizuia. Alikuwa anashangaa. Mwenyeji hashangai hivyo. Nikageuka, nikamkuta binti anamtazama baba yake, si bahari.

Binti alimwokotea kofia iliyokwama kwenye kichaka, akamvalisha.

Tulipofika kwenye fungu la mchanga, lilikuwa jembamba, maji yanalamba pande zote mbili. Kamba ya kiatu cha mkuu ilikuwa imefunguka tena, na kwa sababu kuinama kulimpa shida, binti akapiga goti nyuma kabisa kumfungia. Kijana yule wa maswali akasema kwamba yeye anaona kama maji yanakuja, hayaendi. Kapteni akacheka. Alimwambia, "Kijana, nimekula chumvi nyingi kisiwani hapa. Tuvuke." Tukavuka. Maji yalitufika kwenye vifundo vya miguu, baridi, watu wakipiga kelele za furaha.

Mnara ulikuwa umefungwa kwa kufuli, tukakaa kivulini mwake, tukala. Nilikuwa naendelea na sehemu ya dada yangu niliposikia kijana akiita. Tukasimama. Fungu halikuwepo. Pale tulipopita palikuwa na maji ya kijani yanayokwenda kwa kasi kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kapteni alisema tusubiri, yanatoka, ni mkondo tu. Tukasubiri. Jiwe tulilokuwa tunalitazama likazama. Akasema tena yanatoka. Mara ya tatu aliketi kwenye ngazi ya mnara, akavua viatu vyake vilivyolowa, akavipanga pamoja vizuri kama mtu aliye mlangoni kwa wakwe, na akaanza kuvitazama. Mkuu hakujua kuogelea. Nusu yetu hatukujua. Jua lilikuwa limeshapita utosini, na kulikuwa na mmoja aliyeacha mtoto anayenyonya nyumbani, akaanza kulia kimya kimya. Ni mkuu mwenyewe aliyepiga simu bandarini.

Walikuja na boti ya mpira, wakatuvusha kwa mafungu, tukiwa tumekaa kama magunia. Walituteremsha kwenye gati la zege karibu na tangi, na pale tangini walikuwepo wale wanawake wa ndoo, wamepanga foleni kwenye bomba. Bomba la mitaa yao lilikuwa limepasuka tangu Ijumaa. Walikwenda kuteka maji ya kunywa. Ndoo zao zote zilikuwa na vifuniko, na hata mimi, mtu wa sindano na uzi, nilijua pale pale kwamba chaza haokotwi kwa ndoo ya kifuniko.

Askari wa bandari, mtu mzima mwenye hasira za haki, alituweka mstari. Aliuliza, "Nani amewaleta watu hawa kule maji yakiwa yanajaa?"

Shemeji yangu alikuwa mbele yangu. Niliona shingo yake ikijaa damu. Neno lilikuwa limeshafika mlangoni. Moyoni nikamsukuma: sema, sema, ni neno moja tu.

"Ni mimi," alisema binti. "Baba alikataa. Mimi ndiye niliyemlazimisha, nilitaka wenzangu waone mnara."

Askari akamgeukia. Alimsema yule msichana mbele ya mkuu wake, mbele ya wenzake wote, mbele ya foleni ya wanawake na ndoo zao. Alimwambia watu kama yeye ndio wanaowatengenezea watu majeneza, kwamba angemsikiliza mzee wake aliyemzidi akili, na kwamba usomi bila adabu ni hasara kwa mzazi. Binti alisimama mikono nyuma, akisema ndiyo, akisema samahani. Na shemeji yangu, mzee aliyemzidi akili, alisimama pembeni ameshika viatu vyake mkononi mpaka mwisho.

Nimemwona mwanamume yule akizika wazazi wake. Sijamwona akiwa mdogo kama siku ile. Basi la kurudi lilipokuja, dereva mwenzake alimpungia akamwita kwa jina lake la basini, na yeye akapita kama hakusikia, akakaa kiti cha nyuma kabisa.

Nyumbani hakuna aliyelitaja. Binti alimsimulia mama yake kwamba walichelewa kidogo kwa sababu ya maji, akaenda kuoga. Siku zilizofuata nikasikia kwamba ofisini wamempa jina, Bibi Maji Kujaa, na kwamba uongozi wa matembezi amepewa kijana wa maswali. Alituambia mwenyewe, akicheka, akichezea chakula kwenye sahani. Baba yake alikuwa anainuka mezani kabla ya kunawa. Usingizi ulimkimbia. Kwenye basi aliacha kuelekeza watu. Wakimuuliza, anasema leo koo linamuuma, na lilimuuma kila siku.

Siku moja alikuja kibandani kwangu mchana, amevaa sare, akakaa kwenye kiti cha wateja na kushika kipande cha kitambaa, akakikunja, akakikunjua. Ndipo aliponiambia yote, tangu yule mama mwenye fimbo mpaka ndoo. Hakujitetea. Alisema kwamba kudanganya kulimpa haya, ndiyo, lakini hiyo angeweza kuishi nayo kama alivyoishi nayo siku zote. Kilichokuwa kinamla ni kwamba askari aliuliza, na jibu likawa kinywani mwake, na alipomsikia mwanawe analisema yeye, kitu cha kwanza alichokihisi kilikuwa nafuu. "Nilipumua, shemeji," aliniambia. "Mtoto wangu anatukanwa, mimi napumua."

Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia, mimi huwa sikosi, lakini yote yalikuwa madogo kuliko hilo alilojiambia mwenyewe. Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka kwenda ofisini kwa binti akaseme, lakini miguu haimpeleki. Nikafunga cherehani, nikamwambia miguu ninayo mimi.

Ofisi ya bima ilikuwa na zulia la kijivu na ubaridi wa mashine. Tulipotokea mlangoni binti aliinua kichwa dawatini kwake karibu na dirisha, akaelewa mara moja, akaanza kutikisa kichwa taratibu, akimwomba baba yake asiseme. Kapteni alivua kofia. Hakusubiri kuitwa kwenye chumba cha mkuu. Mkuu mwenyewe alikuwa amesimama kwenye kabati la mafaili, na wengine wako mezani kwao, basi akasemea pale pale katikati, kwa sauti yake ya tangini.

"Siku ile binti yangu hakunilazimisha. Ni mimi niliyesema tuvuke. Na kisiwa kile sikijui, sikuwahi kukikanyaga kabla ya siku ile."

Kijana wa maswali akatazama meza yake. Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo nililoliona kwanza, na nadhani shemeji yangu naye aliliona, kwa sababu alizungusha macho kutoka uso mmoja hadi mwingine akitafuta hata mmoja wa kushangaa.

Mkuu alifunga kabati polepole. Alisogea karibu, akasema kwa upole wake ule, "Tulijua, mzee. Uliposema tuvuke, binti yako alikuwa amepiga goti ananifunga kamba ya kiatu. Asingeweza kukulazimisha. Sote tulijua tangu pale gatini."

Shemeji yangu akauliza, kama mtoto, kwa nini basi hawakusema.

"Mtoto akimfunika baba yake," mkuu alisema, "si kazi ya mgeni kumfunua."

Wakamletea kiti, hakukaa. Wakampa maji, akayashika. Walikuwa wema, na wema wao ulimwangusha kuliko askari wa bandari ambavyo angeweza. Siku zote hizo alikuwa anajiona amejificha, kumbe watu wazima wale walikuwa wamegeuza nyuso ili asionekane. Hata lile jina la utani, mkuu alieleza, walilianzisha wenyewe ili kicheko kiwe cha binti, kiishe haraka, kisifike kwa baba yake. Shemeji yangu alishukuru. Alirudia kushukuru, akirudi nyuma kuelekea mlangoni, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

Binti alitusindikiza. Lifti ilikuwa mbovu, tukashuka kwa ngazi, yeye amemshika baba yake mkono. Mimi nilitangulia kidogo, niwaachie nafasi, lakini ngazi za zege hazina siri, kila neno linashuka na wewe. Binti akasimama kwenye kona ya ghorofa ya kwanza. Alimwambia baba yake kwamba alimwona kule kileleni, alipokuwa ameacha mdomo wazi na kofia inaruka, na kwamba pale ndipo alipojua. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na huzuni ya mtoto mzima ni ngumu kuitazama.

"Ungeniambia tu hujawahi kufika, baba," alisema. "Ningekupeleka. Mimi na wewe tu, siku yoyote. Ningekupeleka na nisingemwambia mtu."

Baba yake alikaa kwenye ngazi, na sare yake, na kofia yake magotini, na pale ndipo nilipomsikia akilia kwa mara ya kwanza tangu atoke kwao bara. Mlinzi wa chini akachungulia juu, nikamfanyia ishara arudi kwenye kiti chake.

Bado anaendesha njia ile ile. Binti bado anakula kwao Jumapili, wanazungumza vizuri, wanataniana hata, lakini habari ya kwenda pamoja haijatajwa. Yeye anangoja baba aombe. Baba anaona hana uso wa kuomba. Nimewaambia wote wawili kwamba nitawafunga kamba mguu kwa mguu niwashushe tangini mwenyewe, na wote wawili wakacheka, kila mmoja akitazama upande wake.

Wiki iliyopita nilipanda basi lake kupeleka mapazia kwa mteja wa kisiwani. Tulikuwa na watembeaji wapya, mabegi mgongoni, na mmoja wao, msichana, alimuuliza Kapteni njia ya mnarani ikoje na maji leo yanakwendaje. Shemeji yangu alimwambia hajui, lakini yule mama pale nyuma mwenye ndoo isiyo na kifuniko anajua, akamuulize. Msichana akaenda. Tulipofika tangini alizima injini na kugeuka kwenye kiti, na wale wa zamani wakanyamaza kusubiri.

"Mwisho wa barabara," alisema, akafungua milango.

Nusu ile nyingine haisemi tena. Watu wakashuka, mimi nikachukua mapazia yangu, na nilipogeuka nilimwona amebaki kwenye usukani, akiwatazama wanavyopanda jabali, mpaka saa ya kugeuza ilipofika.